Katoni za kwinini tulizouza Manguredjipa ili tupate nyingi zaidi

Wakuu, heshima yenu.

Nimo humu miaka mingi kama msomaji tu. Wiki hii nimesoma uzi wa kijana mmoja aliyeeleza biashara jamii, ile ambayo vitabu vya siku hizi vinaiita social enterprise: biashara inayotafuta faida kama nyingine zote, lakini faida yake ina kazi ya kufanya kwa watu. Ameeleza vizuri. Michoro yake ni safi. Nilipomaliza kusoma niliiweka simu mapajani, nikakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Mimi niliwahi kuendesha moja. Ilikuwa Butembo, Kivu ya Kaskazini, wakati wa vita, kabla sijajua kwamba kitu tulichokuwa tukifanya kina jina. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyatenda. Pale ambapo kumbukumbu imechakaa nitasema imechakaa.

Majina nitayataja bila hofu. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo ukisema Masika umesema tu binti wa kwanza wa nyumba fulani. Butembo ina Masika wasiohesabika. Ninayemzungumzia alikuwa mmoja.

Nianze na mti.

Katika milima ya Lubero unaota mkwinini. Ni mti ulioletwa na wakoloni, wazee wetu wakaupanda pembezoni mwa mashamba na kando ya nyumba, na gome lake ndilo linalotoa dawa ya malaria. Unaukata, unaugonga kwa nyundo ya mbao, gome linaachia kwa vipande virefu kama mikanda. Unalianika juani juu ya maturubai mpaka lijikunje na kulia likivunjwa. Likibaki na unyevu linaota ukungu, na mnunuzi analirudisha.

Sasa sikieni jambo lililoniudhi nikiwa msichana wa chuo, nasoma uchumi katika mji huo huo. Gome lilikuwa linatoka kwetu kwa malori, linapita Kasindi kwenda Uganda na mbali zaidi. Na watu wa vijiji lilikotoka walikuwa wakifa kwa malaria, kwa sababu dawa yenyewe ilirudi kwa bei wasiyoiweza. Niliandika kazi yangu ya kumaliza chuo juu ya hilo. Profesa aliisifu, akaiweka kabatini.

Vita ilipokuja, ajira hazikuwepo. Nikaamua kuitoa ile kazi kabatini.

Tulikuwa wanawake kumi na kitu, wengi wajane, tukakodi kiwanja chenye ua mtaa wa Mususa. Kikundi tukakiita Tusaidiane. Tulinunua gome bichi kwa wakulima, tukalikausha vizuri kuliko mtu yeyote mjini, tukamuuzia mfanyabiashara mmoja mwenye malori. Malori yake yalipeleka gome nje na kurudi na bidhaa, dawa zikiwemo. Tukapatana naye kwamba sehemu ya malipo yetu atatulipa kwa katoni za kwinini: vidonge, na zile chupa ndogo za sindano ambazo huingizwa katika dripu.

Hapo ndipo palipokuwa na uzuri wa mpango wetu. Nyuma ya kiwanja tulikuwa na chumba kimoja, meza, kitanda, rafu, na infirmier mmoja mstaafu, muuguzi wa zamani wa misheni aliyekuja asubuhi na kuondoka alasiri. Dawa ziliuzwa kwa bei ndogo kwa wanaoweza. Mjamzito aliyekimbia vita hakulipa. Na tulikuwa na kanuni moja niliyoiandika mwenyewe kwa chaki juu ya mlango: anayekausha gome hanunui dawa.

Faida ilitulisha, na dawa zilikuwepo. Kwa karibu miaka miwili mambo yalienda. Niliamini nimegundua kitu ambacho serikali na wafadhili walishindwa kukiona.

Masika ndiye aliyekuwa mkuu wa wakaushaji. Hakumaliza shule ya msingi, lakini angeshika kipande cha gome, akakikunja karibu na sikio, akakuambia kama kesho kitauzika. Uchungu wa gome ulikuwa umeingia katika ngozi ya mikono yake. Alisema watoto wake walikataa ugali alioufinyanga yeye, wakamtaka dada yao. Alikuwa mjane, ana watoto watatu, na ulimi ambao haukumheshimu mtu. Mimi aliniita Lisansiye, yaani mwenye digrii. Nikikosea kufunga turubai angeita kiwanja kizima:

"Mukuje muone! Lisansiye anafunga kamba. Hii njo balimufundisha miaka tano!"

Nilimpenda. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani nilimdharau.

Sasa tufike penyewe.

Magharibi ya Lubero, mteremkoni kuelekea msituni, kuna Manguredjipa. Huko ni dhahabu. Wakati wa vita vijana wetu wa milimani walishuka huko kwa mamia kuchimba, na mtu wa mlimani akishuka kwenye joto la msituni malaria humshika kama mtu asiye na ngozi, maana mwili wake haujaizoea. Miezi ile ugonjwa uliwakamata wachimbaji vibaya sana. Bei ya kwinini ya sindano huko ikapanda mara tatu ya bei ya Butembo, kisha zaidi, na malipo yakawa dhahabu ya unga iliyofungwa katika karatasi ya daftari.

Habari ililetwa na Paluku, kijana wa pikipiki aliyekuwa akitubebea gome.

"Mama, kule banalia sindano tu," akaniambia. "Kidonge banatapika. Ukinipa katoni mbili leo, nitarudia na bei ya sita. Mungu anaona, sikudanganye."

Usiku ule sikulala, lakini si kwa dhamiri. Ni kwa furaha. Nilikuwa napiga hesabu.

Wakuu, naomba mnisikilize hapa kwa makini, maana mtu mvivu atasema niliingiwa na tamaa. Sikuwa nataka hata pete. Katika kiwanja chetu walikuwa wameanza kufika wakimbizi kutoka upande wa Beni, kila juma wengi zaidi, na rafu yetu isingewatosha. Niliona kwamba kila katoni ikipita Manguredjipa inarudi ikiwa tatu. Ningekuwa mwizi, nisingelala kwa hofu. Nilikuwa mtu mwema mwenye hesabu sahihi.

Asubuhi nikawakusanya. Nikachora ubaoni: katoni moja upande huu, katoni tatu upande ule. Nikasema dawa zilizo rafuni zimelala, na mtaji uliolala hauzai.

Masika akanyoosha mkono wake mchungu.

"Lisansiye, bwana yangu naye alikuwa analala sana. Lakini sikumuuzisha."

Wakacheka mpaka wengine wakashika maturubai. Nikacheka na mimi. Alipoona nimecheka, akaacha utani.

"Minauliza tu. Mutu akiugua mbele Paluku hajarudia, tutamupa nini? Ile mchoro?"

Nikamjibu kwamba vidonge vyote vinabaki. Ni sindano tu zinazokwenda, na kwetu hapa mlimani ni wachache wanaofikia sindano. Paluku atarudi siku ya tano.

Infirmier wetu, mzee mpole asiyependa kubishana na wanawake, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, achia moja. Katoni moja tu ya sindano."

Zilikuwa mbili. Nikamwambia kwamba tukiacha moja, safari ile ile, petroli ile ile, hatari ile ile ya vizuizi njiani, italeta nusu ya faida. Nikasema: ni siku tano tu.

Akakubali. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi chini ya masista na madaktari. Alizoea kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye neno. Wengine nao wakakubali, na Masika akakubali pamoja nao, akainua mkono kama wote. Hilo pia lazima niliseme.

Paluku akaondoka mchana huo.

Siku mbili baadaye Masika alipata habari kwamba shangazi yake amefariki Beni. Alishuka na lori la mkaa. Beni ni chini kuliko kwetu, kuna joto na mbu, na matanga ni matanga: mnalala nje mkizunguka moto, wanawake juu ya mikeka. Alikaa huko siku kumi. Mdogo wake Kavira, anayeishi Beni, aliniambia baadaye kwamba Masika alimpa mtoto wa marehemu chandarua pekee kilichokuwepo.

(Ni mimi tena. Simu iliisha chaji. Nimeona maswali yenu, nitayajibu humo humo ndani ya simulizi.)

Siku ya tano Paluku hakurudi. Ya sita, hakurudi. Watu waliotoka upande ule walisema makundi mawili yenye silaha yanagombania daraja, na njia ya Manguredjipa imefungwa. Nilikuwa na wasiwasi juu ya Paluku na juu ya dhahabu. Naandika kwa mpangilio ambao wasiwasi ulikuja.

Wiki iliyofuata watu waliuawa kwenye barabara ya Beni, na mji ukatangaza ville morte.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Ville morte ni siku ambazo mji unajifanya maiti ili wenye bunduki waone kwamba wanatawala kaburi. Duka halifunguliwi, soko halikai, pikipiki haipiti. Hakuna askari anayelazimisha. Ni watu wenyewe, na anayefungua mlango anapigwa mawe na majirani zake. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na kufunga ndiyo silaha pekee tuliyokuwa nayo. Tuliitumia kwa nidhamu ambayo hata leo siijui kwingine. Mara hii zilitangazwa siku tatu.

Masika alirudi jioni ya kuamkia ville morte. Asubuhi ya kwanza binti yake alikuja kunigongea, akasema mama anatetemeka na anaongea na shangazi aliyekufa.

Nilimkuta amelala chini ya blanketi mbili. Alinitambua.

"Lisansiye," akasema, "kichwa yangu iko kama bale banaponda gome ndani."

Tukampa vidonge. Akavitapika. Tukasubiri, tukampa tena, akatapika. Mara ya tatu alivishika mdomoni na kunitazama kama mtoto anayetaka kusifiwa, kisha vikatoka. Infirmier alikuwa amekuja kwa miguu akipitia vichochoro. Alimfungua jicho, akamgusa shingo, akaniambia bila kuniangalia: "Huyu anataka sindano."

Hakuwahi kunilaumu kwa neno jingine, hadi alipokufa mwenyewe miaka mingi baadaye.

Mkuu uliyeuliza kama hospitali haikuwepo: ilikuwepo. Tulimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, wanawake sita, mitaa mitupu, na kwa sababu tulikuwa na mgonjwa hakuna aliyetuzuia. Wadi zilikuwa zimejaa wakimbizi, wawili kitanda kimoja. Daktari kijana, ambaye nadhani alikuwa hajakaa chini tangu juzi yake, alitundika maji ya dripu na kuandika karatasi. Kwetu hospitali hukupa kitanda na daktari; dawa huandikiwa karatasi, familia ikanunue mjini. Akiba yao ya sindano ilikuwa imekwisha siku tatu kabla.

Nikachukua karatasi nikaingia katika mji uliokufa.

Sijui niligonga milango mingapi. Kila duka la dawa lilikuwa na kufuli. Nilizunguka nyuma, kwenye nyumba za wenyewe. Wengine hawakuitika. Wengine waliitika kupitia ufa: hapana, Mama, sindano iliisha. Mlango mmoja nilijibiwa na mwanamke niliyesoma naye. Akasoma karatasi, akanirudishia.

"Zote zilienda Manguredjipa," akasema. "Weye hapana jua? Bei ilikuwa muzuri kule. Kila mutu alipeleka."

Kila mutu alipeleka.

Nilisimama pale kwenye ukuta wake, na uchumi wote niliosomea ukasimama mbele yangu. Bei ikipanda mahali, bidhaa huenda mahali hapo. Tulifundishwa kwamba hiyo ni akili ya soko, kwamba ndivyo kitu kinavyomfikia anayekihitaji zaidi. Na kwa kweli wachimbaji walizihitaji. Ila kulikuwa na duka moja mjini lililoanzishwa ili lisifanye kama mengine. Lilikuwa langu, na lilifanya kama mengine.

Siku ya pili nilirudi mitaani. Masika alikuwa ameacha kuniita jina lolote.

Alasiri nikafika kwa mfanyabiashara mmoja, si yule wa malori, ambaye nilizoea kumtolea mfano mbaya katika mikutano yetu. Alikuwa na duka kubwa la dawa, hakukopesha, hakupunguza, na ilisemwa kwamba hata baba mkwe wake alilipa bei ya mlangoni. Alinifungulia akiwa na fulana ya ndani. Sikumweleza mengi. Alisoma karatasi akaniuliza:

"Ni nani wako?"

"Anakausha gome kwetu."

"Si ndugu?"

"Si ndugu."

Akaingia ndani. Nikasikia mkewe akisema, "Na batoto betu bakishikwa?" Sikusikia alilojibu. Akatoka na chupa mbili za sindano katika kiganja.

"Niliachaka nne, ya nyumba yangu. Sikuziuzisha, hata bangenipa dhahabu," akasema. "Kamata mbili. Enda haraka, usipite kwa barabara kubwa."

Nikaingiza mkono katika pindo la kitambaa nitoe pesa. Akaniambia nisimtukane, akafunga mlango.

Nilikimbia. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye digrii, nakimbia katikati ya mji usio na mtu, chupa mbili nimezibana kifuani, na katika kila dirisha nilijua kuna macho. Daktari aliziingiza zote mbili kwa zamu alivyoona inafaa. Jioni homa ilishuka kidogo. Tukamshukuru Mungu kwa sauti, wanawake wote, wasingya, wasingya, asante kwa lugha yetu, mpaka wagonjwa wengine wakaitikia.

Asubuhi ya siku ya tatu Masika alifariki. Daktari alisema dawa ingefika siku moja kabla pengine ingekuwa jambo jingine. Alisema pengine. Mimi nimeishi ndani ya neno hilo tangu wakati ule.

Kwa kuwa ville morte ilikuwa haijaisha, hatukupata hata fundi wa kutengeneza jeneza. Wanawake walikwenda kiwanjani, wakachukua mbao za vichanja vya kuanikia, infirmier akazipiga misumari. Hakuna aliyeniomba msaada wala aliyenikataza kusaidia. Nilishika ubao upande mmoja.

Paluku alirudi siku ya ishirini tangu aondoke. Alikuwa amekonda, pikipiki ameiacha msituni, ametembea. Alikuwa ameficha karatasi ya dhahabu katika soli ya kiatu na hakupoteza hata chembe. Alikuja akitabasamu, maskini, hakujua. Akauliza: "Mama Masika iko wapi? Nilimuletea tumbaku yake."

Sasa nifike mahali ambapo pananizuia kulala katika umri huu.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Tulibadilisha dhahabu ile, na barabara ya Kasindi ilipofunguka tulinunua katoni nyingi kuliko nilizochora ubaoni. Zilifika wakati hasa wakimbizi walipokuwa wengi. Infirmier alitibu kwa dawa zile watu ambao nisingeweza kuwataja wote, watoto wengi sana, na wengine wao leo ni watu wazima wanaopita barabarani Butembo bila kujua chochote. Kama ungemleta mkaguzi kutoka Ulaya angeandika kwamba Tusaidiane iliongeza mtaji wake wa kijamii mara tatu katika robo moja ya mwaka. Angekuwa ameandika ukweli.

Katika mkutano wetu wa kwanza baada ya mazishi nilijiandaa kushtakiwa. Nilitamani nishtakiwe. Hakuna aliyenishtaki. Mmoja akasema, "Ni vita," wengine wakaitikia, ni vita, ni vita, na wakaanza kuzungumza juu ya maturubai. Kwetu neno hilo lilikuwa limekuwa kama mchanga unaotupwa juu ya kila kitu. Mume wako ameuawa: ni vita. Daraja limeoza: ni vita. Mtu ameuza dawa ya mwenzake: ni vita. Walinihurumia, na huruma yao ilininyima hata haki ya kuwa nimefanya kosa.

Mkutano huo ulipitisha kwamba katoni ya mwisho ya sindano haiuzwi na haihamishwi kwa bei yoyote, na kwamba ufunguo wake utakaa kwa infirmier, si kwangu. Kura yangu ilikuwa ya kwanza. Nimeona watu wa siku hizi wakiita kitu kama hicho sera ya akiba ya dharura. Sisi hatukuiita kitu.

Kama mwezi hivi baadaye, Kavira alipanda kutoka Beni kuja kuwachukua watoto wa dada yake. Alikuja kiwanjani mchana, nikiwa peke yangu nageuza gome. Alisimama karibu na turubai. Alifanana na Masika kwenye paji la uso.

Nilianza kumweleza. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa majuma: wakimbizi, rafu ndogo, njia iliyofungwa, daraja. Aliniacha niseme yote. Hakuwa mtu wa kukatiza.

Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Mama, ile dawa ilikuwaka hapa? Uliiona na macho yako, hapa ndani, mbele haijaenda?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa rafu ya pili, upande wa dirisha.

"Bon," akasema. "Nilitaka kujua kama ilikuwaka. Kwetu Beni banasema dawa hakuna, dawa hakuna, mutu anakufa, roho inatulia. Mimi nitasema na batoto bake kwamba ilikuwaka."

Akawachukua watoto, wakaenda stendi ya malori.

Sijawahi kujua kama aliwaambia ili wanichukie, au ili wajue kwamba mama yao hakufa katika nchi isiyo na kitu, bali katika nyumba iliyokuwa nacho. Sikumuuliza. Niliendelea kugeuza gome, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Rughenda na gome likilowa haliuziki.

Wakuu, mimi si adui wa faida. Bila faida tusingekuwa na rafu wala infirmier, na wakimbizi wale wasingepata hata kidonge. Ninachokisema kwa kijana mwenye michoro ni hiki. Usiogope sana mwenye tamaa katika kikundi chako. Huyo ataonekana mapema. Ogopa siku ambayo wewe mwenyewe, kwa nia njema kabisa, utaitazama dawa iliyo rafuni na kuiona kama mtaji uliolala. Lengo la watu huandikwa kwa wingi, na mgonjwa huja mmoja. Amueni kitu gani hakiuzwi kabla bei nzuri haijafika, maana ikishafika mtakuwa na sababu nzuri pia, na mwenye elimu ndiye atakayezitoa.

Na yule mfanyabiashara niliyemsema vibaya alikuwa ameshaamua. Hakuwa na kikundi wala kanuni ya chaki juu ya mlango.

Nawaomba wenye vituo vya maji, zahanati, vinu, vyama vya akiba, mtuambie humu: kwenu ni kitu gani hakiguswi hata bei ikipanda mara tatu, na ufunguo wake uko kwa nani?

Na yupo atakayesema nilifanya sawa, kwamba wale watoto wengi wanamzidi mmoja. Aandike pia. Nitamsoma bila hasira. Nimeshajaribu kujiambia hivyo mwenyewe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na ningependa kuona kama mtu mwingine anaweza kuimaliza sentensi hiyo.